Celsius: jamaa wa nyuzijoto aliyeweka alama baharini

Mtoto akishikwa na homa huku Kakuyuni na kipimajoto kisome 39, hizo nyuzi ni za Mswidi mmoja aliyekufa zamani sana. Anders Celsius alizaliwa mjini Uppsala mwaka wa 1701. Babu zake wote wawili walikuwa maprofesa, naye akapewa uprofesa wa elimu ya nyota 1730.

Mimi lakini nilimpendea jiwe. Watu wa Ghuba ya Bothnia walikuwa wakisema maji yanarudi nyuma. Miamba ambayo sili walizoea kupanda kupumzika, na wawindaji wakawavizia hapo hapo, ilikuwa imebaki juu mno. Celsius hakutosheka na hadithi. Mwaka wa 1731 akachongesha alama kwenye mwamba wa kisiwa cha Lövgrund, pale maji yalipofikia, ili watakaokuja baadaye wapime wenyewe.

Akaamua kwamba bahari inapungua. Hapo alikosea. Kule ni ardhi inayoinuka polepole, tangu itue mzigo wa barafu ya kale.

Mwaka wa 1736 alisafiri na Wafaransa hadi Lapland kupima umbo la dunia, wakakuta imebonyea kidogo kwenye ncha. 1742 ndipo akatoa kipimo chake cha joto, tena kichwa chini miguu juu: 0 maji yakichemka, 100 yakiganda! Kiligeuzwa yeye akiwa ashakufa.

Sasa chukua vitu vyake viwili, joto na alama ya maji, ushuke navyo Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Maji yakipata joto hutanuka. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20, na tangu 1971 karibu nusu ya kupanda huko ni maji kutanuka tu; barafu inayoyeyuka ina hesabu yake. Na huku kwetu ardhi haiinuki kama ya Uswidi. Mawimbi yanaguguna mwamba uliobeba ile nguzo. Sisi wa Kakuyuni tuko bara, sawa, lakini samaki tunaokula na vibarua vya hotelini viko pale pale ufuoni.

Celsius alikufa kwa kifua kikuu Aprili 1744, miaka 42 tu. Alama yake bado iko Lövgrund, kavu, juu ya maji.