Jina Ambalo Lange Hakuliuliza

Dorothea Lange, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, aliugua polio akiwa na umri wa miaka 7, akabaki akichechemea maisha yake yote. Kilema hicho hakikumfungia nyumbani. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kiliwafanya wageni wampokee kwa upole. Mwaka 1919 alifungua studio mjini San Francisco, akawa mpiga picha wa matajiri. Uchumi ulipoporomoka, alitoka akawaendea maskini barabarani.

Mwenendo wake wafaa kuigwa na kila ashikaye kamera, iwe ya filamu au ya dijitali. Hakuwavamia watu. Aliwakaribia polepole, akazungumza nao, akawaacha wamzoee.

Hata hivyo, mnamo Machi 1936 alifika Nipomo, California, kwenye kambi ya vibarua waliokosa kazi baada ya njegere kuharibiwa na baridi kali. Akakaa na mama mmoja na watoto wake kwa takriban dakika 10 tu. Hakumwuliza jina! Picha ile ikavuma ulimwenguni. Chakula kikapelekwa kambini, lakini mama huyo alikuwa amekwisha kuhama.

Lange alifariki mwaka 1965. Jina la Florence Owens Thompson lilikuja kujulikana mwaka 1978, naye akalalamika kwamba picha ile haikumfaidi kwa lolote. Naona alikuwa na haki, ingawa Lange naye hakupata mrabaha, kwa kuwa aliipiga akiwa mwajiriwa wa serikali.