Tumrejeshe Henderson Darasani

Kwa miaka mingi niliyofundisha Kemia, kwanza Bungoma na baadaye Kitale, nilizoea kuiandika ubaoni kanuni ya Henderson na Hasselbalch, pamoja na logi yake, na kuwataka wanafunzi waikariri. Waliikariri barabara. Lakini walipoulizwa bafa fulani ina asidi kiasi gani na besi mwenza kiasi gani, aghalabu walinyamaza. Kosa, naungama, lilikuwa langu: sikuwa nimemjua Henderson mwenyewe.

Lawrence Joseph Henderson alizaliwa Lynn, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1878. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1902, ila hakujishughulisha na kutibu. Alivuka bahari hadi Strasbourg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, akajifunza kemia ya viumbe. Fumbo lililomvuta ni hili: mwili huzalisha asidi usiku na mchana, mbona damu haichachi?

Mwaka wa 1908 alitoa kanuni yake, tena bila logi. Ioni za haidrojeni hupatikana kwa kuzidisha kiwango kisichobadilika cha asidi kwa asidi iliyopo, kisha kugawa kwa besi mwenza. Basi. Logi ililetwa mwaka wa 1916 na Hasselbalch, tabibu wa Denmark, kwa kutumia kipimo cha pH alichobuni Sørensen mwaka wa 1909.

Chukua asidi ya siki, ambayo kiwango chake ni 0.000018. Tukitaka ioni za haidrojeni ziwe moli 0.000009 kwa lita, ni dhahiri kwamba asidi itakuwa nusu ya besi mwenza wake, asetati. Jumla ya vyote viwili ikiwa moli 0.3 kwa lita, asidi ni 0.1 na asetati 0.2. Ni hesabu ya uwiano tu, ile ya shule ya msingi!

Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo wauguzi wa kesho. Katika damu ya mtu mwenye afya, baikaboneti ni takriban milimoli 24 kwa lita na kaboni dioksidi iliyoyeyuka 1.2, yaani ishirini kwa moja. Mtoto anayeharisha sana hupoteza baikaboneti. Uwiano hushuka, naye huhema kwa nguvu ili aipunguze kaboni dioksidi. Muuguzi aliyekariri logi pekee huenda akadhani mapafu ndiyo yanayougua.

Henderson alifariki mwaka wa 1942. Logi na ibaki, maana pH haiepukiki maabarani. Ila nawasihi walimu wenzangu, kipindi cha kwanza kiwe cha kanuni ya 1908, na logi ingoje cha pili.