Mchoraji Aliyefunika Nyuso

Mara ya kwanza nilipoiona picha yake, katika kitabu kikuukuu, niliufunga ukurasa upesi. Mwanamume na mwanamke wamekaribiana nyuso, lakini vichwa vyao vimefunikwa vitambaa vyeupe gubigubi, utadhani ni maiti waliokwisha vikwa sanda. Aliichora Mbelgiji René Magritte mwaka 1928, akaiita Wapenzi.

Magritte alizaliwa mjini Lessines mwaka 1898. Mamake, Régina, alikuwa mtu wa huzuni nyingi. Usiku mmoja wa mwaka 1912 alitoka nyumbani akajitosa katika mto Sambre, na hakupatikana ila baada ya zaidi ya wiki mbili. Kijana René alikuwa na umri wa miaka 13. Ikasimuliwa kwamba maiti ilipoopolewa, nguo ya kulalia ilikuwa imemfunika uso. Wengi husema vile vitambaa vilitoka hapo. Mwenyewe hakupenda picha zake zifasiriwe hivyo, na wachunguzi wanatilia shaka kama kijana alikuwapo mtoni. Hata hivyo mimi, kila nikiitazama picha ile, nauona mto.

Usidhani basi kwamba bwana huyu aliishi kama mwenda wazimu. Alimwoa Georgette mwaka 1922, akawa mchoraji katika kiwanda cha karatasi za kupamba kuta, tena akichora matangazo ya biashara. Maonyesho yake ya Brussels mwaka 1927 hayakupendwa, akahamia karibu na Paris kwa akina André Breton, waliozithamini ndoto kuliko akili. Mwaka 1930 akarudi kwao, akawa akichora katika chumba cha kulia chakula, amevaa suti na tai! Alichora kiko, kisha akaandika chini yake kwamba hicho si kiko. Watu walicheka, lakini nani awezaye kutia tumbaku katika picha?

Inayonishika zaidi ni Himaya ya Mwangaza, aliyoichora mara nyingi tangu 1949. Chini ni usiku, nyumba na miti imezama gizani. Juu, mbingu ni ya mchana mweupe. Hakuna kitu kigeni hata kimoja, ila vimekutana visivyokutana. Alifariki mwaka 1967 kwa saratani. Mwaka 2024 picha mojawapo iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 121. Katika hiyo, baadhi ya madirisha yana taa. Nani aliye macho ndani, hakumchora.