Alfred Butts, Mtu Aliyehesabu Herufi

Ukipita Jozani, Pete au Kitogani wakati wa alasiri, utawakuta watu barazani. Wengine wanacheza bao. Wengine wanacheza karata au dhumna. Ukienda mjini, katika vichochoro vya Mji Mkongwe, utaona vivyo hivyo. Kila mchezo una vifaa vyake. Bao lina komwe. Dhumna ina vibao vyenye madoa.

Upo mchezo mmoja ambao vifaa vyake ni herufi. Ni herufi zile zile ulizojifunza darasani. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuucheza. Aliyejua kusoma jana anaweza kuanza leo. Mchezo huo unaitwa Scrabble. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyeutunga. Alikuwa mtu wa kawaida tu, tena alikuwa amepoteza kazi.

1. Maisha yake ya mwanzo

Alfred Mosher Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili 1899. Alizaliwa katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, nchini Marekani. Alisoma kazi ya kuchora ramani za majumba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 1924. Mke wake aliitwa Nina. Zamani Nina alikuwa mwalimu wake skuli.

Butts alipata kazi katika mji wa New York. Lakini mwaka 1929 uchumi wa Marekani uliporomoka. Mabenki yalifungwa na viwanda vilisimama. Shida ile ilienea duniani kote. Hata huku Unguja na Pemba bei ya karafuu ilianguka, na wakulima wengi walizama katika madeni.

Watu walipokosa fedha, hawakujenga majumba. Majumba yasipojengwa, mchora ramani hana kazi. Basi mwaka 1931 Butts aliachishwa kazi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na ana mke.

2. Anahesabu herufi

Butts hakukaa bure. Alifikiri kwamba watu wenye shida wanahitaji kitu cha kuwaburudisha jioni. Akaanza kuichunguza michezo. Aliona kwamba michezo mingine, kama ya dadu, ni ya bahati tupu. Mingine, kama sataranji, ni ya akili tupu. Yeye alitaka mchezo wa maneno, wenye bahati kidogo na akili nyingi.

Alikusudia kuandika herufi juu ya vibao vidogo. Kila mchezaji atachukua vibao bila kuchagua, kisha ataunda maneno. Hapo likazuka swali. Je, kila herufi iwe na vibao vingapi?

Fikiri wewe mwenyewe, ndugu msomaji. Kama herufi zote zina vibao sawa, mchezaji atajikuta ameshika Q, X na Z. Hawezi kuunda neno lolote. Mchezo utakufa pale pale.

Butts alichukua gazeti la New York Times. Akatazama ukurasa wa mbele, akahesabu herufi moja moja. Alihesabu A ni ngapi, B ni ngapi, mpaka Z. Kazi hiyo haikutaka mashine wala fedha. Ilitaka kalamu, karatasi na subira.

Hesabu ilimpa jibu. Katika Kiingereza, E hutokea mara nyingi kuliko herufi nyingine zote. Kwa hiyo, katika vibao 100 vya mchezo huu, E ina vibao 12, na kila kimoja kina thamani ya pointi 1 tu. Q hutokea mara chache. Ina kibao kimoja, nacho kina thamani ya pointi 10. Herufi ya S aliipa vibao 4 tu, ingawa hutumika sana. Kwa nini? Katika Kiingereza, neno likitiwa S mwishoni mara nyingi huwa la wingi. Butts hakutaka watu wapate pointi kwa njia rahisi mno.

3. Jaribu mwenyewe

Chukua kalamu. Andika sentensi hii: Mama anapika wali na samaki.

Sasa hesabu. Sentensi ina herufi 23. Herufi A imetokea mara 9. Herufi E haikutokea hata mara moja. Herufi K imetokea mara 2 na M mara 3.

Seti ya Kiingereza ina vibao 9 tu vya A. Yaani sentensi hii moja fupi imevimaliza vyote! Tena seti hiyo ina K moja tu na M mbili. Hazitoshi hata kumpikia mama samaki wake.

Umeona? Kila lugha ina herufi zake za kila siku na herufi zake za nadra. Kwa Kiingereza, Z ina pointi 10. Kwa Kipolandi, Z ni herufi ya kawaida, nayo ina pointi 1. Mchezo unapohamia lugha nyingine, herufi lazima zihesabiwe upya. Kiswahili nacho kina hesabu yake, na unaweza kuianza kwa ukurasa huu unaousoma.

4. Anakataliwa

Kwanza Butts aliuita mchezo wake Lexiko. Alitengeneza seti nyumbani kwa mikono yake. Alitumia vyombo vyake vya kuchorea ramani, akabandika herufi juu ya vipande vya mbao. Aliwauzia jamaa na marafiki, lakini faida hakuipata.

Aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akanyimwa. Aliupeleka mchezo kwa makampuni makubwa ya michezo. Yote yaliukataa.

Butts hakuutupa. Aliendelea kuurekebisha. Mwaka 1938 aliongeza ubao wenye miraba 15 kwa 15, yaani miraba 225. Kuanzia hapo maneno yalipangwa yakikatana, moja likishika herufi ya jingine. Kila mchezaji hushika vibao saba. Baadhi ya miraba huongeza pointi mara mbili au mara tatu. Majirani waliucheza katika ukumbi wa kanisa mtaani Jackson Heights, mjini New York. Nina naye aliucheza vizuri sana, na mara nyingi alimshinda mumewe.

Baadaye Butts alirudi kwenye kazi yake ya ramani. Mchezo ukabaki wa marafiki tu.

5. Mchezo unaenea

Mwaka 1948 mtu mmoja aitwaye James Brunot alimwendea Butts. Walipatana kwamba Brunot atautengeneza na kuuza, na Butts atapata senti chache kwa kila seti. Brunot alirahisisha sheria kidogo, akaupa jina la Scrabble. Yeye na wenzake walifanya kazi katika jengo la skuli lililokuwa halitumiki tena. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400, wakapata hasara.

Mwaka 1952 mambo yaligeuka. Inasimuliwa kwamba mkubwa wa duka la Macy's la New York aliuona mchezo huu alipokuwa likizoni, akaagiza uuzwe dukani kwake. Maombi yakamiminika. Mwaka 1954 ziliuzwa karibu seti milioni nne. Kampuni moja iliyoukataa zamani sasa ndiyo iliyopewa kazi ya kuutengeneza.

Butts hakuwa tajiri mkubwa. Senti zile zilimpatia maisha ya raha ya kutosha. Sehemu alilipa kodi, sehemu aliwapa wengine, na sehemu alitumia. Aliinunua tena nyumba ya wazee wake huko shamba, akaishi humo. Nina alifariki mwaka 1979. Butts alifariki tarehe 4 Aprili 1993, akiwa na umri wa miaka 93.

6. Mchezo katika chombo cha mkononi

Kabla hajafa, Butts aliishi kuona jambo la ajabu. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa chombo kidogo kiitwacho Game Boy. Kinashikwa kwa mikono miwili. Kina kioo, vibonyezo, na kinatumia mawe manne madogo kama ya tochi. Mwaka 1991 Scrabble ilitiwa ndani ya chombo hicho. Mtungaji alikuwa amepita miaka tisini.

Katika chombo hicho hakuna vibao vya kushika. Ubao na herufi huonekana kwenye kioo. Mwenzako ni mashine. Wewe unaweka neno, nayo inaweka lake, kisha inajumlisha pointi. Ukiandika neno lisilokuwamo katika orodha yake, inalikataa. Haichoki, wala haiondoki kwenda kula. Lakini haicheki, wala haibishani nawe kama mtu wa barazani. Siku hizi watu wengi huucheza katika simu.

Mchezo wa vibao haukufa. Mwaka 2017 wachezaji wa nchi nyingi walikutana Nairobi, nchini Kenya, kushindania ubingwa wa dunia kwa Kiingereza. Katika chombo cha mkononi na juu ya meza, E bado ina vibao 12 na Q bado ina kimoja. Hesabu ya mtu asiye na kazi ingali inatawala.

Ndugu msomaji, Butts hakuvumbua herufi. Alizikuta, kama wewe ulivyozikuta. Alilofanya ni kuzitazama kwa makini kuliko wengine, na kutoiacha kazi yake ilipokataliwa. Wewe sasa unazijua herufi. Zitazame vizuri. Zina kazi nyingi kuliko kuandika jina.

Maswali

1. Kwa nini Butts alipoteza kazi yake?
2. Kwa nini hakuipa kila herufi idadi sawa ya vibao?
3. Ukitunga mchezo kama huu kwa Kiswahili, herufi gani utaipa vibao vingi? Kwa nini?
4. Herufi Q na X zitafaa katika mchezo wa Kiswahili? Jadilianeni darasani.

Kazi ya kufanya

Kila mmoja achague mistari mitano ya somo hili. Ahesabu A, E, I, O na U. Kisha mwandike hesabu zenu zote ubaoni na mzijumlishe. Herufi gani imeshinda?