Lily Bollinger, mjane aliyelinda mizabibu mikongwe

NI nadra sherehe ya harusi katika kumbi za Kinondoni ama Temeke kumalizika bila mshereheshaji kutangaza ufunguzi wa shampeni. Kizibo huruka, povu humwagika na wageni hushangilia. Kwa asili, hata hivyo, jina hilo ni la mvinyo wa eneo moja tu la Ufaransa, Champagne, ambako jina la mwanamama Lily Bollinger linaheshimiwa hadi leo.

Alizaliwa mwaka 1899 kwa jina la Elisabeth Law de Lauriston-Boubers. Mwaka 1923 aliolewa na Jacques Bollinger, mrithi wa kampuni ya mvinyo iliyoanzishwa mwaka 1829 katika mji mdogo wa Aÿ. Mumewe alifariki dunia mwaka 1941, eneo hilo likiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. Mjane huyo, ambaye hakujaliwa mtoto, akashika usukani wa kampuni. Petroli ilikuwa adimu, hivyo alikagua mashamba kwa baiskeli, desturi aliyoiendeleza hata baada ya vita.

Miongoni mwa mashamba hayo vilikuwamo vishamba vitatu vya aina yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera, mwenye asili ya Amerika Kaskazini, alivamia mizizi ya mizabibu ya Ulaya na kuiangamiza. Wakulima walinusurika kwa kuipandikiza juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili mdudu huyo. Vishamba hivyo, viwili Aÿ na kimoja Bouzy, vilibaki juu ya mizizi yake ya asili. Humo, tawi huinamishwa na kufukiwa ardhini ili litoe mzabibu mpya, na jembe hukokotwa na farasi.

Kwa hesabu za biashara, mazao yalikuwa haba na gharama kubwa. Mkulima yeyote, hata wa Dodoma, anaelewa kishawishi cha kung'oa na kupanda upya. Lily hakung'oa. Mwaka 1969, alipotimiza miaka 70, zabibu za vishamba hivyo zilitengenezewa mvinyo wa peke yake, Vieilles Vignes Françaises, yaani Mizabibu Mikongwe ya Kifaransa. Hutolewa kwa miaka ya mavuno bora pekee, chupa elfu chache tu, kila moja ikiwa na namba yake.

Aliachia uongozi mwaka 1971, baada ya miaka 30, mauzo ya kampuni yakiwa yameongezeka maradufu. Alifariki dunia mwaka 1977.

Katikati ya miaka ya 2000, filoksera alikifikia kishamba cha Bouzy na kukimaliza. Vimesalia viwili vya Aÿ, na hakuna dawa ya kuvihakikishia uhai iwapo mdudu huyo atavifikia. Mizabibu hiyo ikifa, mvinyo huo nao utakuwa umefikia mwisho wake.