Maria Montessori: Mwalimu Aliyewafundisha Wavulana na Wasichana Kutunza



Wapendwa waamini, katika vijiji vya Handeni na kambi za mkonge za Korogwe, watoto wetu hutenganishwa mapema katika michezo. Msichana wa miaka mitano huviringisha kitambaa kwenye gunzi la mhindi, akalifunga mgongoni kama mama abebavyo mtoto. Kaka yake huunda gari la waya na kulisukuma hadi barabarani. Michezo yote miwili ni mizuri. Lakini siku mvulana akilichukua lile gunzi na kulibembeleza, huchekwa, na pengine hunyang'anywa kwa madai kwamba hayo ni mambo ya kike. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuyatazama maisha ya Maria Montessori, Mkatoliki ambaye njia yake ya malezi si ngeni kwetu: huko Lushoto, milimani juu ya Korogwe, masista wamewaandaa walimu wa chekechea kwa njia hiyo.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia, akiwa mtoto pekee wa Alessandro na Renilde. Alipofikisha miaka kama 13 aliingia shule ya ufundi iliyokuwa ya wavulana, akitamani kuwa mhandisi. Baadaye moyo wake uligeukia udaktari. Baba yake hakupendezwa, lakini mama yake alimtia nguvu. Chuoni Roma haikukubalika mwanamke achunguze maiti pamoja na wanaume, hivyo alilazimika kuifanya kazi hiyo peke yake, saa za jioni. Mwaka 1896 alihitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Italia kupata shahada ya udaktari.

Mwaka 1898 alimzaa mwana, Mario, nje ya ndoa. Kwa desturi za wakati ule, jambo hilo lingemfungia milango yote ya kazi. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia moja shambani, na mama yake akawa mgeni wa kumtembelea. Baba wa mtoto, naye daktari, aliendelea na kazi yake na kuoa mwanamke mwingine. Mario alirudi kwa mama yake akiwa na umri wa miaka kama 15, na hata hapo, kwa miaka mingi, Maria hakumtaja hadharani kuwa mwanawe. Hatuyasemi haya ili kumhukumu marehemu. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha gharama inayolipwa pale jamii inapoamini kwamba kulea ni mzigo wa mwanamke peke yake: mama alilipa, mtoto alilipa, na baba hakuulizwa.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Epifania, Maria alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Walikuwapo watoto wapatao 50, wavulana kwa wasichana, ambao wazazi wao walishinda kazini. Aliwawekea meza na viti vya kimo chao, pamoja na mabeseni, mafagio madogo na sahani halisi. Wote walijifunza kunawa, kufagia, kufunga vifungo, kuandaa meza, kuwagawia wenzao chakula, kumwagilia mimea na kulisha wanyama. Hapakuwa na fagio la msichana na nyundo ya mvulana.

Walikuwapo pia wanasesere wazuri na vyombo vyao vidogo, zawadi za watu wenye uwezo. Maria alishangaa kuona watoto wanavipita bila kuvijali, wakikimbilia kazi halisi. Aliona kwamba kwa mtoto mchezo ni kazi ya kujijenga: mkono unapomimina maji bila kuyamwaga, nafsi nayo inajifunza uangalifu. Siku nyingine aliingia darasani amempakata mtoto mchanga wa miezi minne, akawaonyesha wanafunzi jinsi alivyotulia na jinsi pumzi yake ilivyo nyepesi. Darasa zima lilinyamaza, likijaribu kutulia kama yeye. Mbele ya uhai mdogo kiasi kile, wavulana kwa wasichana waliguswa sawa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya safari nyingi. Alikwenda India mwaka 1939, na vita vilipopamba moto Mario alitiwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Waingereza walimwachilia siku Maria alipotimiza miaka 70, na mama na mwana waliendelea kufundisha pamoja huko hadi mwaka 1946. Maria alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Tujiulize basi: mvulana aliyekatazwa kumbembeleza mwanasesere, aliyefukuzwa jikoni na kuchekwa alipombeba mdogo wake, atajifunzia wapi ubaba? Siku ya kwanza ya kumpakata mtoto wake mwenyewe, mikono yake itakuwa migeni. Wako wanaohofu kwamba mchezo huo utamharibu mtoto. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 286, alifundisha kwamba mume anayeshiriki kazi za nyumbani na malezi hapungukiwi uanaume wake, na kwamba ukali wa kupanga nini ni cha kiume na nini ni cha kike unaweza kuzuia vipawa vya watoto. Na Bwana wetu mwenyewe aliwaosha mitume miguu, na baada ya ufufuko akawaandalia samaki na mkate kando ya ziwa.

Wazazi wa Handeni na Korogwe hawahitaji kununua vitu vya dukani ili kulitimiza hili. Mvulana apewe ndoo ndogo aimwagilie miche ya michungwa. Akalishwe mkekani na kupakatishwa mdogo wake. Aoshe kikombe chake. Msichana naye apewe waya aunde gari. Na watoto wanapocheza baba na mama chini ya mwembe, mvulana akitaka kumlaza mtoto wa gunzi, tumwache amlaze.

Mtakatifu Yosefu, mlezi wa Mkombozi, utuombee.