Charles Riley na Adui wa Michungwa

Je, umepata kujiuliza kwa nini mdudu asiyeleta hasara kubwa kwao huangamiza mashamba afikapo nchi ya mbali? Soma habari za bwana huyu.

Charles Valentine Riley alizaliwa mwaka 1843 jijini London, Uingereza. Tangu utoto alipenda kuwatazama wadudu na kuwachora. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alihamia Marekani, akafanya kazi shambani. Baadaye akawa mkuu wa wataalamu wa wadudu wa serikali.

Wakati huo wakulima wa michungwa wa California walikuwa msibani. Mdudu mdogo, mwenye kifuko cheupe mithili ya pamba, alifyonza utomvu wa miti yao hata matawi yakanyauka. Walinyunyiza dawa, wasifanikiwe. Wengine waling'oa miti yao wakaichoma moto.

Riley alifahamu kuwa mdudu huyo alitoka Australia, na huko hakuwa balaa. Bila shaka alikuwako kiumbe aliyemla. Mdudu alisafiri pamoja na mimea, lakini adui yake alibaki kwao. Basi adui naye afuatwe!

Lakini idara yake ilizuiwa kutumia fedha kwa safari za ng'ambo. Riley hakukata tamaa. Mwaka 1888 alipata njia ya kumpeleka msaidizi wake, Albert Koebele, pamoja na wajumbe waliokwenda kwenye maonyesho ya Melbourne. Koebele alitumwa hasa kutafuta nzi fulani. Huko Adelaide akaona pia mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, mdogo kama punje ya mtama, akiwala wadudu wale. Riley mwenyewe alimtumainia zaidi yule nzi. Kumbe shujaa alikuwa mbawakawa!

Mbawakawa 129 wa kwanza waliwekwa juu ya mchungwa mmoja uliofunikwa kwa hema, huko Los Angeles. Tazama jinsi walivyozaana: kufikia Juni 1889, zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa wakulima. Kabla ya mwaka kwisha, adui wa michungwa alikuwa ameshindwa.

Riley alifariki mwaka 1895, baada ya kuanguka kutoka kwenye baiskeli. Njia yake iliendelea. Katika miaka ya 1990, magugu maji yalipoziba bandari na ghuba za Ziwa Victoria, waliletwa fukusi ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, yalikotoka magugu hayo. Kabla ya kuwafungulia ziwani, wataalamu waliwajaribu kwanza, wapate kujua kama wangekula na mazao yetu.